Asiyejua maana aambiwe maana

Kuna methali ambayo wazee wetu wanaipenda sana. Hapa kambini utaisikia kwenye foleni ya maji, kwenye vikao vya bloku, hata kanisani: asiyejua maana haambiwi maana. Mtu akiisema watu wanacheka, isipokuwa yule mmoja ambaye hajajua. Nimeifikiria methali hii mwaka mzima na nimefika mahali ambapo naikataa. Ninataka kueleza kwa nini, na nitaeleza kwa njia ya mchezo wa karata, kwa sababu ni kwenye meza ya karata nilikoona jambo hili wazi kuliko mahali pengine.

Swali langu ni hili: watu wawili wakiwa upande mmoja, na mbele yao kuna mtu wa upande mwingine, ni wakati gani ni haki waambiane kitu ambacho yeye hawezi kukielewa?

Mchezo wenyewe unaitwa briji. Wengi wenu hamjausikia, na mimi pia nisingeusikia kama si sanduku moja la vitabu vya msaada. Nafanya kazi kwenye kituo cha vijana hapa Kakuma, kama insentivu, na siku moja tuliletewa vitabu. Ndani mlikuwa na kamusi ya Kijerumani, mwongozo wa kutengeneza friji, hadithi za watoto zilizochanika nusu, na kitabu cha Kiingereza cha kufundisha briji, jalada hakina. Friji hatuna. Karata tunazo, na muda tunao mwingi kuliko karata. Nikaanza kukisoma jioni, baadaye nikaendelea kwa simu pale bando iliporuhusu. Tulipoanza tulikuwa wanne: mimi, mzee mmoja kutoka Uvira aliyekuwa mwalimu, dada mmoja Mrundi na kijana wa Sudan Kusini. Sasa tuko meza nne kila Jumamosi.

Nitaeleza mchezo kwa ufupi, maana bila hapo hoja yangu haisimami. Karata ni 52, kila mtu anapata 13. Wanaokaa wakitazamana ni wa upande mmoja. Kwanza kuna mnada: kila upande unashindana na mwingine kuahidi utakula raundi ngapi kati ya 13, na kwa turufu gani, au bila turufu. Walioahidi zaidi ndio wanaopaswa kutimiza. Mmoja wao anacheza, na mwenzake analaza karata zake zote mezani, kila mtu anaziona, halafu anakaa kimya. Wanaocheza kwa Kifaransa wanamwita huyo maiti. Wawili wa upande wa pili kazi yao ni kuzuia ahadi isitimie.

Angalia sasa nani anajua nini. Mwenye ahadi anaona karata zote 26 za upande wake. Anajua nguvu yake na udhaifu wake. Mimi ninayezuia naona 13 zangu na 13 za maiti. Za mwenzangu, aliyekaa mbele yangu umbali wa mkono mmoja, sizioni. Pengine sisi wawili tuna nguvu za kutosha kuvunja ahadi, lakini nguvu hizo zimegawanyika vipande viwili na hakuna kipande kinachojua cha mwenzake kikoje. Mkimbizi yeyote anaielewa hali hii bila kufundishwa.

Na kuongea ni marufuku. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kusema "duh" karata ikianguka. Kitu pekee unachoruhusiwa kuongea nacho ni karata yenyewe unayoicheza.

Hapo ndipo yanapokuja matupo. Sheria inasema aina ikichezwa, kama unayo lazima uitoe. Kama huna, unatupa karata ya aina nyingine. Karata hiyo iliyotupwa, kama si turufu, haiwezi kula hata ikiwa ni mfalme. Kwa hesabu ya raundi ni takataka. Lakini mwenzako anaiangalia, na mlikubaliana mapema maana yake. Kwa hiyo takataka yako inakuwa barua.

Mfano. Mchezo hauna turufu. Mwenye ahadi anateremsha uru mfululizo. Mimi nilikuwa na uru mbili tu, zimeisha, na ya tatu inakuja. Nina kopa nzuri: ree, malkia, nane na mbili. Najua mwenzangu akishika zamu hatajua acheze nini. Nikitupa nane ya kopa, kwa makubaliano ya kawaida, karata kubwa inasema "ninaipenda aina hii, niletee". Nikitupa ndogo kabisa inasema "usinihangaikie huku". Rahisi. Lakini ile nane ilikuwa yangu. Pengine mwishoni ingekula raundi. Nimeichoma ili niweze kusema neno moja.

Kwenye miaka ya 1930 Mmarekani mmoja aitwaye Hy Lavinthal alipendekeza njia ya kubana gharama hiyo. Kwa njia yake unatupa karata ya aina ambayo huitaki, halafu ukubwa wake ndio unaoonyesha unataka ipi kati ya mbili zinazobaki. Mpangilio wa aina kwenye briji ni shupaza juu, kisha kopa, kisha uru, kisha pau chini. Uru ndiyo inayochezwa, hiyo haihesabiwi. Nikitupa shupaza, maana yake shupaza siitaki. Zinabaki kopa na pau. Shupaza tisa, ambayo ni kubwa, inasema kopa. Shupaza tatu inasema pau. Nimesema ninachotaka bila kukipunguza. Mzee wetu wa Uvira alipoelewa hili alipiga meza kwa furaha, akasema huyu Lavinthal lazima alikuwa mtu maskini.

Vijana wangu waliuliza swali palepale, na ni swali zuri. Dada Mrundi aliniambia: "Kaka, hii si wizi? Mnatuzunguka mbele ya macho yetu."

Jibu la sheria za briji ndilo lililonifanya niandike makala hii. Sheria zinasema: mnaruhusiwa kukubaliana maana yoyote, lakini maana hiyo si mali yenu peke yenu. Wapinzani wana haki ya kuijua. Kwenye mashindano kila upande unajaza kadi inayoeleza makubaliano yake yote, na kadi hiyo ni ya wapinzani kuisoma. Wakati wa zamu yake mpinzani anaweza kuuliza: "Mwenzako akitupa kubwa, mnamaanisha nini?" Na lazima ajibiwe ukweli, wote. Siyo ukweli nusu. Nilicho nacho mkononi sikwambii, hiyo ni siri yangu halali. Lakini lugha ninayoongea na mwenzangu siwezi kukuficha.

Yaani kuna siri mbili. Siri ya karata inaruhusiwa. Siri ya lugha hairuhusiwi. Mpinzani anaisikia sentensi ileile aliyoisikia mwenzangu, kwa maana ileile, na anaitumia anavyoweza. Na kweli anaitumia: nikitupa ile nane ya kopa, mwenye ahadi naye anajifunza kwamba malkia yuko kwangu. Kwa hiyo kila ninapotaka kuongea lazima nipime kama neno hili linamsaidia mwenzangu kuliko linavyomsaidia adui. Mara nyingine jibu ni kunyamaza na kutupa kitu kisicho na maana.

Watu wajanja wamejaribu kuingia katikati ya siri hizi mbili. Walibuni ishara zenye kufuli. Tuseme mnada umeonyesha kwamba mwenye ahadi hana mfalme wa shupaza, na kwa maiti hayupo. Kwa hiyo mfalme yuko kwangu au kwa mwenzangu. Sisi wawili tunajua ni kwa nani, mwenye ahadi hajui. Tunakubaliana: mfalme akiwa kwangu, karata kubwa ni "ndiyo", akiwa kwako, karata kubwa ni "hapana". Tukiulizwa tunaeleza makubaliano yote wazi, na bado mwenye ahadi hawezi kusoma kitu, maana ufunguo hana. Kwa maneno hatujadanganya. Chama kikubwa cha briji cha Marekani ya Kaskazini kimezikataza ishara hizi. Naona wako sawa. Kumpa mtu maelezo unayojua hayawezi kumsaidia ni kumwonyesha tu kwamba umetii sheria.

Na kuna wizi wenyewe, ule wa moja kwa moja. Mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia huko Buenos Aires, Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba vidole walivyoshikia karata vilionyesha idadi ya kopa mkononi. Shirikisho la dunia liliwaona na hatia. Nyumbani kwao uchunguzi mwingine ukafanyika, ukaongozwa na mwanasheria Sir John Foster, na uchunguzi huo ulisema hatia haikuthibitishwa. Watu wa briji wanabishana hadi leo. Miaka 10 baadaye, kwenye mashindano ya mwaka 1975, zilikuwa zimeshawekwa pazia mezani ili wenza wasionane nyuso, na bado Waitaliano wawili wakalalamikiwa kwamba miguu yao ilikuwa inagusana chini. Ikabidi waweke kizuizi na chini ya meza.

Mimi sitaki kuhukumu watu wa zamani. Ninachojiuliza ni hiki: kama idadi ya kopa inaweza kuonyeshwa kihalali kwa karata, kwa nini ukitumia vidole inakuwa kosa kubwa kuliko yote kwenye mchezo? Habari ni ileile. Nimepata tofauti mbili. Ya kwanza, kidole hakina gharama. Karata niliyoitupa nimeipoteza, lakini kidole kinabaki mkononi. Anayeongea kwa karata analipa kwa kila neno, na kwa sababu analipa, anachagua. Ya pili, kidole hakiulizwi. Hakuna zamu ambayo mpinzani anaweza kusema, "Samahani, kidole chako cha kati kina maana gani?"

Kuna jambo lingine lililonishangaza, nalo ni kuhusu uongo. Kwenye briji unaruhusiwa kudanganya kwa karata. Unaweza kutupa kubwa kana kwamba unapenda kopa, kumbe huna kitu, ili mwenye ahadi ahangaike. Vijana waliniuliza, sasa uaminifu uko wapi? Uko kwenye sharti moja: mwenzako lazima adanganyike pia. Kama mimi na mwenzangu tuna desturi kwamba nikitupa hivi huwa nadanganya, na mpinzani hajui desturi hiyo, ni wizi. Lakini nikidanganya kwa hatari yangu, na mwenzangu naye akakanyaga mtego wangu, hapo nimecheza haki. Sheria hii inakubali mtu kumdanganya mwingine. Kitu inachokataa ni watu wawili kuwa na ukweli wao pembeni, na wa tatu akapewa uongo peke yake.

Sasa nitoke kwenye karata, maana najua wengine mmeanza kuuliza hii yote inatusaidia nini sisi wenye foleni.

Kambi hii ilianza mwaka 1992 na tangu hapo imekuwa mahali pa lugha nyingi na wakalimani wengi. Karibu kila jambo kubwa la maisha yetu linapita kwenye meza ambapo wawili wanaelewana na wa tatu anakisia. Nitatoa mfano mmoja niliouona mwenyewe. Shirika fulani lilitangaza nafasi za mafunzo ya ufundi kwa vijana. Nafasi chache, waombaji wengi. Niliitwa kutafsiri. Kila kijana aliulizwa: "Una uzoefu wowote wa kushona au wa useremala?" Vijana wengi, kama mtu yeyote anayetafuta kazi, walijibu kwa kujivunia: ndiyo, nimeshona kwa shangazi, nimebeba mbao, nina uzoefu. Wakaandikiwa alama ya kutokubaliwa. Mafunzo yalikuwa ya wale wasio na ujuzi wowote. Jibu la kukufaulisha lilikuwa "hapana". Na wachache walijibu "hapana" haraka sana, wakitabasamu, kabla sijamaliza kutafsiri. Nikaangalia vizuri. Mmoja wa jopo alikuwa anafunga faili lake kabla ya swali, kwa baadhi ya waombaji tu.

Nilitafsiri kila neno sawasawa siku ile. Hakuna aliyedanganywa kwa neno. Lakini swali lilikuwa na kufuli na ufunguo walipewa wachache. Nilipolisema jambo hilo mwisho wa kikao, nikaambiwa kazi yangu ni maneno. Tangu siku ile nimejua kwamba dhuluma inaweza kupita katikati ya watu ambao wote wamesema kweli.

Nilimsimulia mama mkubwa habari ya briji na ya kikao, nikamwambia methali yetu ni mbaya, kila maana iwekwe mezani. Mama mkubwa hakukubali. Alisema: "Mwanangu, hiyo sheria yako ni ya watu ambao wakishindwa wanarudi nyumbani kulala." Kisha akanikumbusha njia waliyopita kutoka Kivu ya Kusini, na vizuizi vya barabarani, na jinsi alivyokuwa amemshika mtoto mkono. Akiminya mara moja, mtoto anyamaze kabisa. Akiminya mara mbili, mtoto aseme jina lingine, la kijiji kingine. Walikuwa wamefanya mazoezi. "Hicho ni kidole chako cha Buenos Aires," akasema, ingawa Buenos Aires aliitamka vibaya. "Niambie mimi ni mwizi."

Nilikaa na jibu hilo wiki kadhaa. Mama mkubwa si mwizi, na sheria yoyote inayomfanya mwizi ni sheria mbovu. Kwa hiyo kama hoja yangu inataka kuishi lazima ieleze tofauti iko wapi.

Naona iko hapa. Sheria ya kufichua lugha ni sheria ya meza. Na meza inahitaji vitu vitatu. Kwanza, kanuni zinazombana huyu zinambana na yule. Pili, ukiuliza unajibiwa. Tatu, anayeshindwa anaondoka akiwa mzima na anaweza kurudi kesho. Kwenye kizuizi cha barabarani hakuna hata kimoja. Yule mwenye bunduki hajaja kucheza na wewe. Hana kadi ya kuonyesha, haulizwi, na ukishindwa hakuna Jumamosi nyingine. Hapo lugha ya siri ni ukuta wa mwisho wa nyumba, na mtu ana haki ya ukuta. Hata ile methali sasa naielewa vizuri zaidi. Pengine ilikuwa lugha ya watu waliokuwa na bwana juu yao, na iliwalinda.

Shida yetu ni kwamba kambi haisemi yenyewe kama ni meza au ni kizuizi. Ofisi inasema ni meza: tuna taratibu, tuna sanduku la malalamiko. Mkimbizi aliyepita vizuizi saba anaingia ofisini na mwili wake unamwambia hiki ni cha nane. Kwa hiyo anaminya mkono. Familia inakubaliana nini kisemwe na nini kifichwe, hata mambo ambayo yangewasaidia yakisemwa. Na yule afisa, akiona wanaangaliana, anafunga uso. Halafu naye ana lugha yake ya kufuli. "Tutakupigia." "Kesi yako iko kwenye prosesi." "Tutalifikisha ngazi ya juu." Aliyekaa hapa miaka mingi anajua ipi kati ya hizo ni "hapana", ipi ni "sijui", na ipi ni "ndiyo, lakini subiri". Aliyekuja juzi anakaa na simu yake mkononi, haendi kuchota maji, asije akakosa kupigiwa.

Na tusiwasingizie maofisa peke yao. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunafanyiana hivyohivyo. Kwenye kikao cha vijana cha mchanganyiko, mambo yakianza kuwa matamu, wawili wanahamia Kisomali, watatu wanahamia Kirundi, sisi wa Kongo tunatupia Kiswahili cha kwetu chenye Kifaransa ndani, na kijana wa Sudan Kusini anabaki akiangalia dari. Dada Mrundi alilisema vizuri: "Mkiongea hiyo yenu, kitu pekee ninachoelewa ni kwamba natajwa." Hakuna bunduki kwenye kile chumba. Wote tuna kanuni moja, wote tunaweza kuuliza, wote tutarudi Jumamosi. Ni meza kamili, na sisi tunaijengea kizuizi kwa mazoea tu.

Wakalimani wenzangu, kuna sheria moja ya briji nawaombea muisikie. Mwenzako akisita kabla ya kucheza, akafikiria muda mrefu, kusita kwake kumekwambia kitu. Hukutaka kujua, lakini umejua. Sheria inakutaka ujizuie kabisa usifaidike na ulichokiona. Ucheze kama mtu ambaye hakuona. Ni sheria ngumu kuliko zote, maana hakuna anayeweza kuchungulia kichwani mwako akuhakikishe. Nikiwa katikati ya jirani yangu na afisa, naona neno gani limemfanya afisa asimamishe kalamu. Naweza kulilainisha neno linalofuata. Jirani angenishukuru. Lakini yule anayekuja baada yake, ambaye si jirani yangu, angepata mkalimani gani? Kama nataka ofisi iwe meza, siwezi kuwa wa kwanza kuchezesha miguu chini yake.

Sasa nani aanze? Hapa nadhani mfano wa karata unafika mwisho wake, kwa sababu kwenye briji pande zote mbili zinajaza kadi kwa wakati mmoja, na zinakaa kwenye viti vya urefu mmoja. Kambini viti si vya urefu mmoja. Mwenye kuamua nani apate na nani akose ndiye mwenye kufunua lugha yake kwanza. Haiwezekani kumwambia mama mkubwa "acha kuminya mkono" wakati swali analoulizwa lina jibu la kufuli. Akiona mara moja, mara mbili, mara kumi, kwamba akiuliza maana anajibiwa maana, mkono wake utalegea wenyewe. Hilo haliwezi kuamriwa na mtu.

Hata hivyo nimeona si lazima kusubiri. Kwenye kituo chetu tumebandika karatasi kubwa ukutani, tunaiita kadi. Upande wa kushoto kuna maneno tunayoyasikia maofisini, upande wa kulia maana yake kadiri tunavyojua. Chini tumeandika na ya kwetu, ili watu wa mashirika nao wasome: mzee wa kwetu akisema "tutaona" mara nyingi amekataa kwa heshima, msichana akijibu "sijui" mbele ya baba yake, muulize tena akiwa peke yake, kijana akisema "niko sawa" usiandike kwamba yuko sawa. Mwanzoni wengine walikasirika, wakasema tunauza siri za nyumbani. Tulibishana jioni nzima, na mambo mawili tuliyaondoa, kwa sababu tuliona ni ukuta wa mtu na si kufuli. Mfanyakazi mmoja wa shirika alipita, akasoma, akachukua kalamu na kusahihisha maana ya "iko kwenye prosesi". Alivyoisahihisha ilikuwa mbaya kuliko tulivyodhani, lakini vijana watatu waliacha kusubiri simu wakajiandikisha masomo.

Kuhusu useremala na ushonaji, tangazo lililofuata lilikuja vilevile, bila kueleza wanamtaka nani. Tumeandika barua kuomba kigezo kiandikwe kwenye tangazo. Hatujajibiwa. Mama mkubwa ananiuliza kila wiki kama wamejibu, na nikimwambia bado, ananiangalia bila kusema kitu.

Wewe unayesoma ukiwa ofisini, na wewe unayesoma ukiwa kwenye foleni, karatasi iko ukutani upande wa mlango, na nafasi ya kuandika bado ipo. Njoo Jumamosi. Ukikuta tunacheza, uliza chochote kuhusu maana ya karata tunazotupa, na utajibiwa hata kama unacheza upande wa wapinzani.